Njano Kabla ya Moto

Jumatatu, 9 Oktoba

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: habaryar Weris hasomi Kiswahili. Kisomali angekisoma, na kesho yake soko zima la Suuq Mugdi, anakouza maziwa ya ngamia, lingejua nilichoandika. Habaryar ni mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Naishi kwake hapa Bulla Iftin, nakula chakula chake, na kila asubuhi nasikiliza maoni yake kuhusu kazi yangu, ambayo anaiita kuchungulia mikojo ya mbuzi. Kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana kwa neno hilo hilo, habaryar huku na habaryar kule. Akiniita Yurub, jina langu, najua nimemuudhi.

Leo kipimo kipya kimefika kituoni kwetu, kituo cha kupima maradhi ya mifugo. Daktari Salah, mkubwa wetu, amefungua sanduku kwa mikono yake mwenyewe, na huyu ni mtu asiyefungua hata mlango wa gari lake. Kinatafuta DNA ya kijidudu cha brusela kwenye maziwa. Brusela ni ile homa ya maziwa mabichi inayokuja na kuondoka, ikamchosha mtu viungo hadi akajiona mzee. Unatia tone kwenye tyubu yenye dawa ya pinki, unaiweka kwenye mashine ya joto, unasubiri. DNA ya kijidudu ikiwamo, hata chembe chache tu, dawa inaanza kuinakili, nakala juu ya nakala, mamilioni. Kunakili huko kunayafanya maji kuwa makali, ya kichachu, na rangi ya pinki inageuka njano. Isipokuwamo, pinki inabaki pinki. Basi. Hakuna darubini wala kompyuta.

"Hata mtoto atasoma jibu," alisema Daktari, ananitazama mimi niliyekaa chuoni miaka mitatu nikijifunza kusoma majibu. Lakini sitasema uongo, nilifurahi. Ni kitu kizuri. Nilikaa nikiitazama tyubu ya mfano ikigeuka, nikajihisi kama nimeonyeshwa siri.

Jumatano, 11 Oktoba

Joto. Stima imepotea tangu asubuhi. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 14 Oktoba

Tumeenda sokoni kuomba sampuli, mimi, dereva wetu Nunow, na afisa wa afya wa soko, ambaye ni mtu wa Kitui na anaongea na wauza maziwa kama anayeongea na viziwi. Wanawake wanakaa safu nzima na jerikeni zao za njano, kila jerikeni imefukizwa moshi wa kuni kwa ndani kabla ya kutiwa maziwa, na harufu ya moshi ule unaisikia kabla hujawaona wenyewe. Wengi walitupa kikombe kimoja bila maneno. Deka, mkubwa wao, alitupa akacheka.

Habaryar alikataa. Alimgeukia afisa, si mimi, na akatumia Kiswahili chake chote, ambacho p yake hugeuka b.

"Wewe nataka bima? Bima ya nini? Maziwa ya ngamia iko ya kukunywa, hana bima. Mimi nakunywa tangu toto. Niangalie. Nakufa?"

Afisa alisema ni kwa faida yake. Soko zima lilicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nyumbani nilimwambia, kwa lugha yetu, kwamba akiyachemsha hapatakuwa na haja ya kupima. Alinitazama kama niliyetukana. Maziwa ya ngamia hayachemshwi, alisema, ukiyachemsha kiwele cha ngamia kinakauka huko aliko, na ngamia wake wapo porini upande wa Balambala na kaka yake, mjomba wangu abti Ogle, na yeye hana nia ya kuwakausha kwa sababu ya ukaidi wa msichana mmoja. Halafu akaomba nimkande mgongo. Mgongo unamsumbua. Nilimkanda.

Alhamisi, 19 Oktoba

Kazi inaenda. Maziwa hayatiwi kwenye tyubu hivi hivi. Kwanza tunayasafisha: kuna maji ya dawa yanayoipasua seli, kisha mengine yanayoiosha DNA mpaka ibaki yenyewe, bila mafuta, bila uchachu, bila chochote cha maziwa. Ndiyo sehemu ndefu na ya kuchosha, na ndiyo ninayoipenda. Mikono inajua, kichwa kinapumzika. Mpaka sasa njano zimekuwa chache. Nyingi ni pinki.

Daktari amepita akasema wafadhili watakuja Novemba kuona. Alisema mimi ndiye nitakayeshika trei. Nilijivuna kwa saa nzima, mjinga mimi.

Jumanne, 24 Oktoba

Mvua! Imeanza adhuhuri. Habaryar ametoka uani na kanga kichwani, akasimama tu, akaloa, akanivuta mkono nami niloe. Amesema ngamia sasa watapata majani mabichi na maziwa yatajaa. Sijamwona akicheka hivyo tangu azikwe mama.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua. Habaryar ana homa. Amepima malaria, hana, akanywa dawa ya malaria hata hivyo.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua. Tope limeingia mpaka chumba cha vipimo. Homa ya habaryar imeondoka yenyewe. Mama mmoja amekuja kumwekea vikombe vya hijama mgongoni, kumuumika, damu imetoka nyeusi, na habaryar anasema amekuwa mwepesi. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 6 Novemba

Mto umepanda. Barabara imezama upande wa Madogo na watu wanavushwa kwa boti, kwa bei ya kuwatoa machozi. Dawa zetu za kusafishia DNA zipo ng'ambo ile, kwenye lori, ndani ya sanduku la barafu ambayo bila shaka imeshayeyuka. Zilizobaki hapa zinatosha kupima paka wa jirani.

Nikamuuliza Daktari kama tusimamishe. Akasema hapana. Tutaruka hatua ya kusafisha. Tutayazimua maziwa kwa maji na kuyatia moja kwa moja kwenye tyubu, maana dawa ni kali, itaiona DNA hata kwenye uchafu. Amesoma mahali kwamba inawezekana. Sikuipenda, lakini nani ananiuliza mimi ninachopenda.

Jumatano, 8 Novemba

Agizo limetoka: hakuna atakayeuza maziwa sokoni bila kupimwa, kwa sababu ya mafuriko na maradhi. Afisa wa Kitui amesimama mlangoni pa soko na askari. Kwa hiyo habaryar naye amenipa kikombe chake. Hakunipa mkononi. Alikiweka chini kati yetu, akajifuta mikono.

Maziwa ya wote yalikuwa yamechelewa. Gari la Balambala lilinasa kwenye tope, likalala njiani na jerikeni zake, na mengine yalivushwa kwa mkokoteni wa punda. Nimeyazimua, nimeyatia kwenye tyubu, nimezipanga kwenye mashine, nikafunika. Ndiyo maelekezo: ukifunika hufunui, unasoma mwisho tu.

Nilipofunua, zote zilikuwa njano. Safu nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa ile ya maji matupu tunayoiweka kama shahidi. Njano ya kung'aa. Daktari alishika trei akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, na wallahi niliona furaha usoni mwake kabla hajaificha.

"Mlipuko," alisema. "Yurub, huu ni mlipuko."

Alhamisi, 9 Novemba

Nitaandika yote.

Afisa alifika sokoni na karatasi ya kituo chetu. Akaisoma kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili ambacho nusu yao hawakukielewa, halafu Nunow akalazimishwa kutafsiri. Nunow alitafsiri akitazama juu, kwenye mabati. Askari wakaanza kumwaga. Walishika jerikeni moja baada ya nyingine wakazipindua mtaroni, na mtaro tayari ulikuwa umejaa maji ya mvua, kwa hiyo maziwa hayakwenda popote, yalikaa palepale yakazunguka miguu ya watu. Mbuzi walikuja kunywa. Mwanamke mmoja alikaa kwenye maji yale akalia kwa sauti kama msibani.

Habaryar hakulia. Alimwambia askari, "Ngoja." Akafungua jerikeni yake mwenyewe, akamimina kikombe kimoja, akakinywa chote mbele ya afisa, akafuta mdomo kwa upindo wa mtandio. Kisha akaipindua mwenyewe. Hakumwachia askari aishike.

Wanunuzi wa Nairobi wameshasikia. Simu zimelia mchana kutwa. Hoteli za hapa mjini zimeandika mlangoni kwamba hazitumii maziwa ya ngamia, chai ni ya maziwa ya paketi. Abti Ogle amepiga akisema kuna dalali ameshafika porini, anawataka ngamia wale watatu wa habaryar kwa ajili ya machinjio, kwa bei ya ngozi, eti ni wagonjwa, nani mwingine atawataka. Ngamia hao ni mahari ya habaryar. Mume alikufa, nyumba ni ya kupanga, mtoto hakujaliwa. Ana wale watatu, na mimi.

Jioni aliniuliza neno moja tu. "Ni wewe uliyetia maziwa yangu kwenye kile kichupa?"

Nikasema ndiyo.

"Vizuri, Yurub," alisema.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua. Hatusemezani. Ameniwekea chakula mlangoni pa chumba, kama anayemwekea mgeni asiyemtaka.

Jumatatu, 13 Novemba

Nilikuwa nimetia sampuli za leo kwenye tyubu, bado sijaziweka kwenye joto, Nunow akaniita nje nimsaidie kusukuma gari lililozama kwenye tope la geti. Nilirudi nimechafuka mpaka magotini. Tyubu zilikuwa mezani pale pale nilipoziacha. Mashine ilikuwa baridi, hata haijawashwa.

Tyubu zilikuwa njano.

Nilikaa chini. Dawa ile hainakili chochote bila joto. Bila joto hakuna nakala, na bila nakala rangi haina sababu ya kugeuka, isipokuwa kama uchachu umeingia kutoka nje. Nikafungua jerikeni ya sampuli nikaonja kwa ncha ya ulimi. Maziwa yalikuwa yamechacha, susa kabisa, ya kulala njiani. Nikachukua ndimu iliyobaki kwenye sahani ya chakula cha mchana, nikakamua tone kwenye tyubu mpya. Ikageuka njano pale pale, nikiitazama.

Tangu Jumatano tumekuwa tukipima uchachu. Kwa sababu tuliruka kusafisha, na kwa sababu maelekezo ni kufunika na kusoma mwisho tu, hakuna aliyetazama kabla.

Nilikimbia ofisini na tyubu mkononi. Daktari Salah aliisikiliza hadithi yote ya ndimu bila kunikatiza. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Kaa, abaayo," alisema, kama anayemwita dada yake. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa. Nami nina macho." Alishusha pumzi. "Wageni wanakuja Alhamisi. Kwa ndege, maana barabara haipo. Wakikuta mlipuko, tunapata pesa za miaka mitatu, tunapata friji, jenereta, tunapata dawa za kutosha. Brusela ipo, Yurub, tusidanganyane, tuliiona Oktoba kwenye sampuli safi. Wakikuta tumekosea, kituo kinafungwa. Nani atapima basi? Wiki hii tu. Baadaye nitasahihisha mwenyewe."

"Na ngamia wanaouzwa wiki hii?"

"Hakuna aliyewaambia wauze."

Nilimheshimu mtu huyu. Nilikuwa nikinyoosha koti langu kabla ya kuingia ofisini kwake. Leo nilitazama mikono yake iliyokunjwa juu ya meza, laini, kucha safi, nikatoka bila kuaga.

Alhamisi, 16 Novemba

Wageni wamekuja. Nilishika trei. Mama mmoja wa miwani alisema rangi ni nzuri sana, akaipiga picha, akaniomba nitabasamu nami. Nilitabasamu. Nilikuwa nafikiri nikidondosha trei itakuwaje, na sikuidondosha.

Jumamosi, 18 Novemba

Abti Ogle amepiga tena. Dalali anarudi Jumatatu.

Kwa hiyo leo nimeweka tyubu za dawa kwenye mkoba wangu, nikanunua ndimu, nikaenda sokoni. Wanawake walikuwa wamekaa mahali pao pale pale bila kitu cha kuuza, kwa mazoea tu. Nilimwita Deka mbele ya wote nikampa ndimu.

"Kamua hapa."

Akakamua. Pinki ikawa njano. Waliguna.

"Sasa weka siki, weka maji ya ukwaju, weka chochote kichachu," nilisema. "Chochote kilichochacha kitageuka hivi. Maziwa yenu yalichacha njiani. Njano ile ilikuwa uchachu tu. Uchachu tu, basi!"

Deka akainua ndimu juu kabisa. "Masikini ndimu," alisema. "Ina homa. Mpelekeni hospitali." Nao wakacheka, wakacheka mpaka wakashikana, na wale waliokuwa nje wakaja kuuliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Kufikia alasiri vijana wa bodaboda walikuwa wakiuliziana barabarani kama ndimu imepona. Afisa wa Kitui alikuja, akaonyeshwa tyubu, akakuna kichwa, akaondoka na askari wake. Nadhani alifurahi kuondoka.

Habaryar alinitengea chakula sinia moja na yeye. Alinisukumia kipande cha nundu kwa vidole vyake. "Kula, habaryar," alisema.

Ngamia hawauzwi. Nimelia kidogo nikiwa naosha vyombo, ili asione.

Jumatatu, 20 Novemba

Nilidhani nitafukuzwa. Daktari Salah hakunifukuza. Alikuwa ameshachoka, ndevu hazijanyolewa, na wageni wameshapiga simu.

"Ungeweza kuwaambia tulipima vibaya," alisema. "Ndiyo kweli yenyewe. Tuliruka hatua. Lakini hukusema hivyo. Uliwaambia njano ni uchachu, basi. Siku njano itakapokuwa si uchachu, utawaambia nini?"

Nikamwambia asinifundishe ukweli, yeye. Nikatoka. Lakini maneno yake yameniganda kichwani, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba mtu mchafu anaweza kusema jambo safi.

Jumamosi, 25 Novemba

Mvua imepungua. Maziwa yamejaa kama alivyosema. Habaryar ananimiminia kikombe kila asubuhi, nami nasema nimeshakunywa chai. Anacheka, anasema nimekuwa mtu wa paketi.

Jumatano, 29 Novemba

Homa imemrudia. Shuka zake nimezianika, zilikuwa zimeloa kama zilizonyeshewa. Anasema ni baridi ya mvua. Goti sasa, na mgongo. Nimemwambia twende hospitali, akasema baada ya soko.

Sikutaka kufikiria. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli: kuna jambo lilikuja kichwani nikalifukuza, kama unavyofukuza mbuzi jikoni.

Jumanne, 5 Desemba

Lori limevuka. Dawa za kusafishia mpya zipo kwenye friji. Nimerudia kupima soko zima kwa njia sahihi, maziwa yakiwa yameoshwa mpaka DNA yenyewe. Nimetazama kila tyubu kabla ya joto, na baada. Pinki kabla, na karibu zote pinki baada. Nimemwekea Daktari matokeo mezani bila salamu. Ameyasaini. Amesema, "Hongera," na sijui alimaanisha nini.

Maziwa ya habaryar tu ndiyo sijayapima. Nilipomwomba alisema, "Ya nini tena? Si ulishawashinda?"

Jumamosi, 9 Desemba

Amekuja mwenyewe kituoni leo asubuhi. Nilimbembeleza juzi na jana, na mwisho akasema sawa, atakuja kunifurahisha, ili niache kumtazama kila akipinda mgongo kama ninayetazama maiti. Alikuja na jerikeni ndogo. Yalikuwa yamekamwa alfajiri, abti Ogle ameshusha ngamia karibu na mji sasa malisho yapo. Yalikuwa bado na povu. Nilionja: matamu, hakuna uchachu hata kidogo.

Nilimpa kiti. Alikaa na mkoba mapajani, anatazama kila kitu, mara ya kwanza kuingia humu. Niliyasafisha maziwa yake polepole, hatua zote, nikimweleza kila moja. Niliweka tyubu tatu za maziwa yake, ili nisije nikasema ni bahati mbaya ya tyubu moja, na moja ya maji matupu. Kabla ya kuziweka kwenye joto nilizipeleka mbele ya macho yake.

"Rangi gani hii, habaryar?"

"Pinki. Nimeona. Mimi si kipofu."

"Zote?"

"Zote pinki. Mashaallah." Alitabasamu, akaanza kuinuka.

"Kaa. Bado moto."

Tulikaa. Alinisimulia siku mama aliponizaa, mvua ya mwaka ule, ngamia aliyechinjwa. Sikumsikiliza vizuri na sasa natamani ningesikiliza. Nikafunua.

Ile ya maji ilikuwa pinki. Zile tatu zilikuwa njano.

Nilimweleza. Nilianza vizuri, nikamwambia kwamba leo si kama siku ile, kwamba aliona mwenyewe pinki kabla ya moto, kwamba uchachu umeshaoshwa haumo, kwamba iliyogeuza rangi ni DNA ya kijidudu, na kijidudu kimo kwenye ngamia wake, mmoja au wote, na pengine kimo kwenye mgongo wake na kwenye shuka zile. Nilimwambia inatibika. Vidonge vya wiki kadhaa, unapona kabisa. Nilimwambia achemshe tu, habaryar, hakuna zaidi, achemshe. Kisha nikajikuta sielezi, naomba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akazichukua zile tyubu, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, alivyofanya Salah siku ile.

"Yamechacha humo ndani ya moto wenu," alisema. "Maziwa ukiyaweka kwenye joto yanachacha. Mtoto anajua."

"Habaryar, sio—"

"Ulisema mwenyewe sokoni. Mbele ya Deka, mbele ya wote. Njano ni uchachu, basi. Nilijivuna siku ile. Nilisema mtoto wa dada yangu ana heshima, hawezi kununuliwa." Aliziweka mezani taratibu, asizivunje. "Wamekupa nini, Yurub? Wamekuongezea mshahara?"

Alifunga jerikeni yake, akaishika, na alipofika mlangoni akageuka.

"Asante, Daktari," alisema.

Jumanne, 12 Desemba

Nimekwenda kwa afisa wa Kitui. Amenicheka usoni. Amesema soko lile likifungwa mara ya pili kwa ajili ya rangi, wanawake watamtia yeye mtaroni badala ya maziwa. "Nenda ukamuulize ndimu," alisema. Nimekwenda kwa Daktari Salah. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake imenikata kuliko kicheko cha yule. Alisema atamwandikia mkuu wa mifugo barua, ijibiwe mwaka ujao. Nimekwenda kwa Deka, nikamweleza kwa lugha yetu, tangu mwanzo hadi mwisho, polepole. Deka ni mtu mwerevu. Aliniomba nirudie pale pa kusafisha, nikaanza kupata tumaini.

"Watu wakubwa walikosea wakatumwagia," alisema. "Wewe ukaja ukasema walikosea. Sasa wewe unasema wewe ndiye uliyekosea. Mimi nikiwaamini nyinyi wote, mwisho nitauza nini?"

Jumapili, 17 Desemba

Jua. Mto umerudi ndani ya kingo zake. Mgongo wa habaryar bado unauma. Nimempikia chai kwa maziwa yake, yaliyochemka, ameinywa. Maziwa mabichi amekunywa pia, akinitazama.

Jumatano, 20 Desemba

Alfajiri leo jerikeni zilikuwa mlangoni, zimefukizwa, zimejaa, tuktuk inangoja nje. Habaryar ametoka chumbani ameshika ukuta. Kanzu imeloa jasho mgongoni, na bado kuna baridi ya asubuhi. Hajaniita habaryar tangu siku ile, wala jina Yurub halitumii tena.

"Daktari," alisema, "shika upande huo, tuinue."

Nimemsaidia kuinua jerikeni zile kila asubuhi tangu nilipokuwa na miaka tisa. Nilitazama mpini. Niliwafikiria watu wa chai za hoteli, ambazo angalau zinachemka, na watoto wanaotumwa na vikombe kununua mabichi.

"Hapana, habaryar," nilisema. "Hiyo sitaishika."

Dereva wa tuktuk alijifanya anatazama gurudumu. Habaryar alingoja kidogo, labda alidhani nitabadilisha. Kisha akainama, polepole, mkono mmoja kwenye goti, akaishika jerikeni peke yake, akaiinua kwa mgongo ule ule.